Kufunga Kompyuta ya Watu Wengi: Mikato ya Kibodi na Dirisha Lisilohama

Swali ni lilelile, wanaouliza ndio hubadilika. Mwalimu ana maabara ya kompyuta na mtihani wa mtandaoni. Hospitali imeweka mashine moja mapokezi ili wagonjwa wajiandikishe wenyewe. Mkutubi ana kompyuta ya kutafutia vitabu. Wote wanataka programu moja ibaki kwenye skrini na anayekaa kwenye kiti asiweze kuitoka. Na karibu wote huanza hivi: "Nitazuiaje Alt+Tab?"

Usianze na Alt+Tab. Anayewinda mikato mmoja mmoja hamalizi, kwa sababu Windows ina mingi kuliko anayoijua yeye, na mwanafunzi wa kidato cha pili ana muda wa kuijaribu yote. Kitufe ni mlango tu. Ukihakikisha nyuma ya mlango hakuna chumba, haijalishi sana nani ameufungua. Ndiyo maana hapa tutaanza na akaunti, twende kwenye eneokazi, kisha vitufe, na mwisho dirisha linalopokea herufi. Sehemu kubwa inahusu Windows 10 na 11. Wa Linux nimewawekea sehemu yao.

## Kabla hujagusa kitu

Wanaoniandikia kwa haraka zaidi si wale ambao kompyuta zao zimechezewa. Ni wale waliojifungia nje wenyewe. Basi fanya haya kwanza:

- Tengeneza akaunti ya pili ya msimamizi, iwe na nenosiri, na uingie nayo angalau mara moja. Akaunti ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu kuwa ya akiba.
- Nenosiri hilo liandike, likae ofisini. Si chini ya kibodi.
- Jaribu kila kitu kwenye mashine moja. Maabara nzima itasubiri wiki.
- Usizuie Ctrl+Alt+Del siku ya kwanza. Ndiyo njia yako ya kutokea.
- Kama utagusa Rejista ya Windows, hifadhi nakala yake kabla.

Kisha angalia una toleo gani: Settings, System, About. Hili linaamua nusu ya kazi. Toleo la Home halina Assigned Access (zana ya Windows ya kuifungia mashine kwenye programu moja) wala kihariri cha Group Policy, na ukijaribu kulifunga utajaza mashine viraka visivyo rasmi ambavyo sasisho moja litavifumua. Kama mashine itatumiwa na umma, gharama ya kupandisha toleo kuwa Pro ni ndogo kuliko muda utakaoupoteza. Kumbuka pia kwamba Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta inayoguswa na kila mpita njia haifai kubaki bila marekebisho ya usalama.

## Akaunti kwanza

Mtumiaji wa kaunta, yaani wa mashine tunayoifunga, apewe akaunti ya kawaida, isiyo na haki za usimamizi. Hatua hii ni fupi na inachosha, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Fundi anaacha akaunti ileile aliyosakinishia programu, anafunga vitufe ishirini, anaondoka. Siku mtu akipata dirisha moja tu la ziada, mashine yote ni yake.

Ukiwa na akaunti ya kawaida, hata atakayetoroka hatasakinisha programu wala kubadilisha mipangilio ya mfumo. UAC, kile kisanduku cha Windows kinachoomba ruhusa ya msimamizi, iache imewashwa; isitoshe, Assigned Access inaihitaji.

## Ondoa eneokazi

Menyu ya Start, upau wa chini na aikoni zote huletwa na programu iitwayo Explorer. Isipoanza, Alt+Tab haina pa kwenda. Njia ni tatu, kulingana na toleo ulilo nalo.

Assigned Access. Ipo kwenye Pro, Enterprise na Education. Kwenye Windows 11 nenda Settings, Accounts, Other users, kisha Set up a kiosk. Windows itakutengenezea akaunti ya kawaida inayojiingiza yenyewe mashine ikiwaka, na utachagua programu moja: Edge, au programu ya aina ya Microsoft Store. Ukichagua Edge utaulizwa kama ni skrini ya maonyesho au kivinjari cha umma, utaandika anwani ya tovuti na dakika za kusubiri kabla ya kuanza upya. Anayetaka ukurasa mmoja wa wavuti aishie hapa; vingine vyote ni kujisumbua.

Shell Launcher. Ipo kwenye Enterprise na Education, si Pro. Inaiweka programu yako, hata ya zamani yenye .exe, mahali pa Explorer. Uzuri wake ni kwamba unaiambia Windows ifanye nini programu ikifungwa: iianzishe tena, iwashe upya mashine, izime, au isifanye kitu. Chagua kuianzisha tena.

Custom User Interface. Hii ni sera ndani ya Group Policy, chini ya User Configuration, Administrative Templates, System. Inafaa kwa mwenye Pro na programu ya .exe. Kasoro yake ni kwamba programu ikifungwa, mtumiaji hubaki na skrini tupu. Usiielekeze moja kwa moja kwenye programu. Ielekeze kwenye faili dogo la amri linaloianzisha programu, linalosubiri ifungwe, kisha linaianzisha tena.

Chunga: sera za User Configuration ukiziweka kwa pupa humgusa kila mtumiaji, pamoja na wewe. Fungua mmc, ongeza Group Policy Object Editor, na uichagulie kundi la Non-Administrators.

## Sasa vitufe

Yaliyobaki si mengi, lakini kila kundi lina dawa yake.

Mikato ya kitufe cha Windows. Sera ya Turn off Windows Key hotkeys, chini ya File Explorer, huzima mikato kama Windows+R na Windows+E. Haizuii kitufe chenyewe kufungua menyu ya Start, na haizuii Windows+L. Hiyo ya kufunga skrini izime kwa sera ya Remove Lock Computer. Ukitaka kitufe kife kabisa, tumia Scancode Map kwenye Rejista, mahali paitwapo HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Keyboard Layout. Tengeneza thamani ya aina ya binary yenye jina hilo la Scancode Map, uiandike hivi kwa vitufe viwili vya Windows, cha kushoto na cha kulia:

00 00 00 00 00 00 00 00 03 00 00 00 00 00 5B E0 00 00 5C E0 00 00 00 00

Washa upya. Ujue kwamba sasa vitufe hivyo vimekufa kwa kila akaunti, ya msimamizi ikiwemo. Kurudisha, futa thamani hiyo na uwashe upya tena.

Ctrl+Alt+Del. Hakuna programu ya kawaida inayoweza kuinasa, na imefanywa hivyo kwa makusudi: mtumiaji awe na uhakika kwamba skrini ya nenosiri inayofuata ni ya Windows yenyewe, si ya kughushi. Anayekuuzia programu inayodai kuizuia, muulize vizuri anafanyaje. Kwako inatosha kuipunguzia meno. Kwenye Group Policy nenda System, Ctrl+Alt+Del Options, uondoe Task Manager, kubadili nenosiri, kufunga skrini na kutoka. Mtu akiibonyeza atakuta skrini isiyo na cha maana. Ukiiondoa Task Manager kwa sera, Ctrl+Shift+Esc nayo imekwisha.

Alt+F4 na Alt+Space. Ya kwanza hufunga programu, ya pili hufungua menyu ndogo ya kusogeza na kupunguza dirisha. Kama programu inarudi yenyewe, Alt+F4 ni kero tu, si hatari. Kwenye mtihani ni kitu kingine, maana mwanafunzi anaweza kupoteza majibu. Hapo ndipo panapohitaji Keyboard Filter.

Keyboard Filter. Kipengele hiki kipo kwenye Enterprise, Education na IoT Enterprise. Unakiwasha kwenye Windows Features, halafu unataja mikato ya kuzuia, hata Ctrl+Alt+Del. Kabla hujakitumia, jua mlango wake wa nyuma: kwa kawaida, kubonyeza kitufe cha Windows cha kushoto mara tano mfululizo humrudisha mtu kwenye skrini ya kuingilia. Kitufe hicho kinaweza kubadilishwa, nami nakushauri ukibadilishe. Na sasa utaona kwa nini tahadhari ya Scancode Map si ya bure: ukikiua kitufe cha Windows kule, umejinyima njia ya kutokea huku.

Mikato ya usaidizi kwa wenye ulemavu. Bonyeza Shift mara tano. Kisanduku cha Sticky Keys kinaibuka na kiungo cha kwenda kwenye mipangilio. Shika Shift ya kulia kwa sekunde nane, kinakuja cha Filter Keys. Kila anayejaribu kutoroka anaanza hapa, na kila fundi mvivu anapasahau. Izime mikato hiyo kwenye Settings, Accessibility, Keyboard, ndani ya akaunti ya mtumiaji. Ila usiue Tab, mishale wala Enter. Asiyeweza kutumia kipanya ana haki na mashine hiyo kama mwingine yeyote, na kama huduma ni ya umma, kisoma-skrini kianze pamoja na programu yako badala ya kutegemea mkato ulioufunga.

Vipi kuhusu kuandika hati ya AutoHotkey na kumaliza mambo? Inavutia, naielewa. Lakini haizuii Ctrl+Alt+Del, na Windows+L nayo inashughulikiwa na mfumo wenyewe. Tena hati za aina hiyo hutegea vitufe kupitia ndoano ya mfumo, na ndoano ikichelewa kujibu, Windows huiondoa kimyakimya bila kumwambia mtu. Kwenye kompyuta yenye RAM kidogo iliyolemewa, ulinzi wako unaweza kuwa umekufa tangu asubuhi na kila kitu kikaonekana sawa. Itumie kama nyongeza, si kama kufuli.

Wengine hung'oa vitufe kwa bisibisi. Chini ya kitufe kilichong'olewa kuna mpira, na mpira unabonyezeka kwa ncha ya kalamu.

## Kivinjari kina mikato yake

Umezuia vya Windows vyote. Kivinjari kimepanuliwa kwa F11 na kinaonekana kimejaa skrini. Kijana anabonyeza Ctrl+O. Dirisha la kuchagua faili linafunguka. Anaingia diski C, folda ya Windows, System32. Haoni programu, kwa sababu dirisha linaonyesha aina fulani za faili tu. Kwenye nafasi ya jina anaandika *.* na kubonyeza Enter. Faili zote zinajitokeza. Anabofya cmd.exe kwa kitufe cha kulia, anachagua Open, na dirisha jeusi la amri liko mbele ya kivinjari chako. Hakugusa Alt+Tab hata mara moja.

Kwa hiyo F11 si ulinzi. Anzisha Edge hivi:

msedge.exe --kiosk https://anwani-yako --edge-kiosk-type=fullscreen

Chrome hutumia --kiosk vilevile. Kosa linalowasumbua wengi: amri wameiandika sawasawa, lakini kinafunguka kivinjari cha kawaida chenye vichupo. Mara nyingi sababu ni kwamba kivinjari kilikuwa tayari kinaendeshwa chinichini, na maelekezo mapya yakapuuzwa. Zima sera ya BackgroundModeEnabled, na kwa Edge zima pia StartupBoostEnabled.

Kisha weka sera hizi, ambazo zimo kwenye Edge na kwenye Chrome:

- AllowFileSelectionDialogs iwe false. Njia ya yule kijana imezibwa.
- DeveloperToolsAvailability iwe 2, zana za wasanidi zisifunguke.
- URLBlocklist iwe na alama ya nyota, yaani zuia zote, halafu anwani zako ziwe kwenye URLAllowlist.
- PrintingEnabled iwe false, kama hakuna sababu ya kuchapa.

Ukurasa ukihitaji mtumiaji apakie picha au cheti, sera ya kwanza itaugomea. Hapo rudi kwenye akaunti: zuia cmd na PowerShell kwa AppLocker, na uache dirisha la faili lifunguke.

Kwa mitihani, usihangaike kuunda haya yote upya. Safe Exam Browser, iliyotengenezwa na ETH Zurich, ni ya bure na chanzo chake kiko wazi. Hufunga mikato na kuangalia programu nyingine zinazoendeshwa, na mfumo wa masomo wa Moodle unaitambua wenyewe tangu toleo la 3.9.

## Dirisha linaloporwa nafasi

Sasa upande ambao hauulizwi vya kutosha. Dirisha linalopokea unachoandika ndilo lenye fokasi. Mtumiaji anaweza kuwa mtiifu kabisa na fokasi ikaporwa na kitu kingine.

Fikiria kaunta yenye kisomea msimbopau. Kwa kompyuta, kifaa hicho ni kibodi tu: kinaandika tarakimu kwa kasi na kumalizia na Enter. Kikiibuka kisanduku cha sasisho chenye kitufe cha kuwasha upya sasa hivi, tarakimu zinapotea hewani na Enter ya mwisho inakubali kuwasha upya. Mhudumu ataapa kwamba hakugusa kitu, na atakuwa anasema kweli.

Kosa kubwa hapa ni programu inayojirudisha mbele kila nusu sekunde. Wasanidi wengi huiandika wakidhani ni ulinzi. Matokeo yake ni menyu zinazojifunga kabla hujachagua, kibodi ya skrini isiyoandika, na kisanduku cha kuchapa kilichofichwa nyuma ya dirisha lililolazimishwa kuwa juu daima. Mteja anaona skrini imeganda, kumbe kuna swali linamsubiri nyuma.

Badala ya kupigania nafasi, ondoa wagombea:

- Zima arifa zote za akaunti hiyo, pamoja na vidokezo na mapendekezo ya Windows.
- Zima AutoPlay, ili kuchomeka flashi kusifungue dirisha.
- Ondoa kila kinachojianzisha: visasishaji, programu za mikutano, huduma za wingu.
- Kwa printa, sakinisha kiendeshi peke yake. Programu nzito za watengenezaji hupenda kutangaza wino umepungua katikati ya kazi.
- Antivirusi iweke kwenye hali ya ukimya.
- Weka Active hours ili sasisho lisiwashe upya mashine saa za kazi. Hazizidi saa 18 kwa siku.

Windows yenyewe ina kinga dhidi ya programu inayotaka kujitokeza mbele bila kuitwa. Thamani yake, ForegroundLockTimeout, iko HKCU\Control Panel\Desktop, na kwa kawaida ni 200000, yaani sekunde 200. Ukiikuta ni 0, kuna "kiharakishaji" fulani kiliibadilisha. Irudishe.

Na kama fokasi inapotea ndani ya ukurasa wenyewe, mtu akigusa sehemu tupu na kishale kikaondoka kwenye kisanduku, hiyo si kazi ya fundi wa Windows. Mwambie aliyeutengeneza ukurasa akirudishe.

## Kwa wanaotumia Linux

Linux ni rahisi zaidi kuifunga, kwa sababu eneokazi halilazimiki kuwepo. Cage ni kidhibiti dirisha cha Wayland kinachoendesha programu moja tu, imejaa skrini, basi. Kama uko kwenye X11, tumia Openbox na ufute mikato kwenye sehemu ya keyboard ya rc.xml. Usisahau sehemu ya mouse: kubofya kulia kwenye eneo tupu hufungua menyu.

Halafu ziba matundu haya:

- Ctrl+Alt+F2 na wenzake hubadilisha skrini kwenda kwenye mstari wa amri. Kwenye X11 weka DontVTSwitch kuwa true.
- Ctrl+Alt+Backspace inaweza kuua X nzima. Weka DontZap kuwa true.
- Vitufe vya SysRq hufika hadi kwenye kerneli. Weka kernel.sysrq kuwa 0.
- Ctrl+Alt+Del: funika ctrl-alt-del.target kwa systemctl mask. Haitoshi, maana ukiibonyeza zaidi ya mara saba ndani ya sekunde mbili, systemd huwasha upya mashine moja kwa moja. Andika CtrlAltDelBurstAction=none kwenye system.conf.
- Weka nenosiri kwenye GRUB.

Ukitumia KDE, ina viwango vya kuzuia dirisha kupora fokasi. Kiwango cha juu kabisa nakionea shaka. Huzuia hata madirisha yaliyoitwa.

## Yaliyo nje ya kibodi

Mtu akiwasha mashine kutoka kwenye flashi yake, yote hapo juu ni kazi bure. Weka nenosiri la BIOS, zima uwashaji wa kupitia USB, na washa BitLocker kama toleo linaruhusu. Kwenye skrini ya kuingilia, kushika Shift huku ukibofya Restart hufungua mazingira ya ukarabati. Ondoa kitufe cha kuzima pale kwa sera ya Shutdown: Allow system to be shut down without having to log on. Laptopu ikitumika kama kaunta, zima ishara za vidole vitatu kwenye padi ya kugusa, maana zinabadilisha madirisha bila kitufe chochote.

Na umeme ukikatika? Ndani ya BIOS kuna mpangilio wa mashine kujiwasha umeme ukirudi. Uwashe, kisha ujaribu kwa kuchomoa waya kweli. Kivinjari kilichozimwa ghafla hupenda kuuliza kama kirudishe kurasa za awali, na kwenye kaunta swali hilo halina wa kulijibu. Modi ya kioski ya Edge hufanya kazi kwa InPrivate, kwa hiyo haina kurasa za kurudisha.

## Jaribio

Usianze kuijaribu mwenyewe, unajua ulipofunga. Mpe mtu asiyehusika, ikiwezekana kijana mtundu, dakika kumi na tano na kibodi. Kaa nyuma yake, usiseme, andika anachobonyeza. Baadaye fanya haya wewe:

1. Shift mara tano, kisha Shift ya kulia kwa sekunde nane.
2. Ctrl+O, Ctrl+S, Ctrl+P, Ctrl+N, F1 na F12 ndani ya programu.
3. Kubofya kulia kila mahali, pamoja na juu ya picha na viungo.
4. Chomeka flashi. Chomeka kibodi nyingine.
5. Chomoa waya wa mtandao uone ukurasa wa hitilafu una viungo gani.
6. Funga programu kwa nguvu kutoka akaunti ya msimamizi, uone kinachobaki kwenye skrini.
7. Zima umeme, washa, na uandike herufi bila kugusa kipanya. Zisipotokea kwenye kisanduku, fokasi haiko mahali pake.

Jaribio la saba lirudie baada ya kila sasisho kubwa la Windows.